Matunzo ya Mtoto na Uwezo wa Mzazi



Katika mashauri ya matunzo ya watoto iko karatasi moja ambayo huheshimiwa kupita kiasi. Karatasi hiyo ni hati ya mshahara. Baba aliyetengana na mama wa watoto wake huitwa mbele ya hakimu, au mbele ya Ofisa Ustawi wa Jamii kabla jambo halijafika kwa hakimu, akaulizwa anaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi. Naye, badala ya kujibu, hutoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne na kuiweka mezani. Chini kabisa ya karatasi hiyo imeandikwa tarakimu ndogo. Kuanzia hapo mazungumzo yote huizunguka tarakimu ile, kana kwamba ndiyo mwanzo na mwisho wa ukweli wote kuhusu mtu yule.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu mmoja, mfano wa kubuni lakini usio mgeni kwa yeyote aliyepata kukaa katika chumba cha walimu siku ya mshahara. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000. Kanuni za utumishi zinakataza mtumishi akatwe mpaka abakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Basi mwalimu huyu amekopa mpaka ameufikia ukingo huo, na kila mwezi anabakiwa na shilingi 300,000. Mama wa watoto wake wawili, ambaye haishi naye tena, anaomba shilingi 150,000. Mwalimu anauliza kwa uchungu: umeme na maji vitalipwaje, mke aliye naye sasa na mtoto wake mchanga watakula nini, nauli ya kwenda kazini itatoka wapi? Tarakimu inamuunga mkono. Yanaamriwa matunzo ya shilingi 50,000. Zikigawanywa kwa watoto wawili na kwa siku thelathini, kila mtoto anapata shilingi 833 kwa siku, na humo vihesabiwe chakula, sare, sabuni, madaftari na dawa ya homa.

Swali ambalo halikuulizwa ni hili: zile shilingi 600,000 nyingine zilikwenda wapi? Kodi ya Serikali na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii vilichukua fungu lake, na hapo hapana ubishi. Lakini fungu kubwa lilikwenda benki kulipa mkopo, na mkopo ule haukutupwa baharini. Ulijenga vyumba vitatu uani, na kila chumba kina mpangaji. Fedha haikupotea, iligeuka ukuta na bati. Kwa hiyo watoto wale wanapungukiwa si kwa sababu baba yao ni maskini, bali kwa sababu baba yao anajenga, na amechagua kujengea fungu lao.

Haisemwi hapa kwamba kukopa ni kosa. Nyumba nyingi za watumishi nchini zimesimama juu ya mikopo, na asiyekopa aghalabu hustaafu akiwa mpangaji. Linalosemwa ni kwamba mkopo wa hiari hauwezi kutangulizwa mbele ya wajibu wa lazima, kisha wajibu huo ukaambiwa ule makombo.

Sheria ya nchi haikuifanya hati ya mshahara kuwa mizani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 129, ilimpa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha. Mama naye akapewa wajibu huo iwapo baba amekufa, hajulikani aliko, au hana uwezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikalipanua jambo hilo. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo, kama ilivyopitishwa, kinaitaka mahakama inapotoa amri ya matunzo itazame kipato na mali za wazazi wote wawili. Upungufu wowote ulioupata uwezo wa kuchuma wa yule mwenye wajibu. Mzigo alio nao wa kutunza watoto wengine. Gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Na haki za mtoto mwenyewe.

Yasomwe tena maneno ya mwanzo: kipato na mali. Neno mshahara halimo. Vyumba vitatu vya uani ni mali, na kodi inayotoka humo ni kipato. Kisha litazamwe lile jambo la pili, kwani hapo ndipo penye kiini. Bunge lisingetaja uwezo wa kuchuma kama lilikusudia mahakama itazame tu kile kilichochumwa mwezi uliopita. Dereva wa lori aliyekatika mguu, uwezo wake umepungua. Dereva wa lori aliyeacha usukani ili akae kijiweni, uwezo wake uko palepale. Kilichopungua ni nia. Na kuhusu ule mzigo wa watoto wengine, ni kweli kwamba mtoto mchanga wa ndoa mpya ana haki yake, wala hakuomba kuzaliwa wa tatu. Lakini kuzaliwa kwake hakufuti waliotangulia. Baba aliyeona anaweza kuongeza sahani mezani alikwisha kujua idadi ya sahani zilizokuwapo.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka hali ilivyokuwa kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Sheria iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, awe baba ni tarishi au ni mfanyabiashara mwenye malori. Sheria hiyo haikufutwa mpaka ile ya mwaka 2009 ilipotungwa, na kwa wakati huo shilingi 100 hazikununua hata mkate. Baba tajiri wa siku hizo hakuhitaji kujifanya maskini. Sheria ilimfanyia kazi hiyo bila ya malipo.

Wazazi wanaochuma pungufu ya wanavyoweza si wa aina moja, na kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja ni kukosa haki kwa namna nyingine. Yupo anayeficha. Daladala iko barabarani, kadi yake ina jina la shemeji. Duka liko sokoni, leseni yake ina jina la mke mpya. Huyu hachumi pungufu. Anachuma sawasawa, ila anasema pungufu. Dawa yake ni ushahidi tu.

Yupo anayeacha. Siku alipopokea hati ya kuitwa mahakamani alikuwa fundi umeme kiwandani. Siku ya kusikilizwa shauri amekwisha kuacha kazi, na anadai kwamba anaishi kwa vibarua vya kubahatisha. Ni jambo la kushangaza, lakini wapo watu walio tayari kuwa maskini wao wenyewe mradi mwenzao asipate. Katika lugha ya siasa ya nchi hii, mtu anayekula jasho la mwenzake huitwa mnyonyaji, na neno hilo kwa kawaida huelekezwa kwa mwenye mali. Lakini mtu mwenye nguvu na ujuzi anayeacha kazi ili bibi amlishe mtoto wake kwa kuuza maandazi, huyo naye ananyonya, hata kama mfuko wake ni mtupu. Mahakama ikimkadiria mtu wa namna hiyo kwa ujira wa fundi umeme, haimwonei.

Ugumu unaanza kwa yule aliyeacha kwa sababu njema. Walimu wanalijua vizuri jambo la kwenda masomoni. Mwalimu mwenye stashahada hutaka shahada, naye huenda chuoni miaka mitatu. Akiwa na ruhusa ya mwajiri huweza kuendelea kulipwa. Akienda bila ya ruhusa hupoteza mshahara, pengine na kazi yenyewe. Je, huyu naye ahesabiwe kuwa mkwepaji? Hapana, maana shahada ile yaweza kumfaa mtoto yule yule miaka ijayo. Lakini mtoto wa miaka minne hawezi kuambiwa asubiri mahafali. Njia ya haki ni kuupunguza mzigo bila ya kuuondoa, kwa muda unaojulikana, na kumtaka mzazi huyo aeleze kabla ya kwenda, si baada ya kutafutwa, jinsi fungu la mtoto litakavyopatikana. Mtu aliyeweza kupanga ada, malazi na nauli za chuo kwa miaka mitatu hashindwi kupanga unga.

Kisha yupo aliyeanguka kweli. Mwezi wa Aprili mwaka 2017, baada ya uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma, ilitangazwa kwamba watumishi 9,932 wamekutwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Kati ya watu wengi kiasi hicho ni vigumu kuamini kwamba hawakuwamo waliokuwa wakilipa matunzo. Kosa lilikuwa lao. Lakini baada ya siku ile uwezo wao haukuwa tena ule wa mshahara wa Serikali, kwa kuwa mlango ule ulifungwa. Kumkadiria mtu wa namna hiyo kwa mshahara wa zamani ni kuandika deni hewani. Akadiriwe kwa kile ambacho mikono yake, afya yake na mahali alipo vinaweza kutoa sasa. Na wale waliopunguzwa kazini katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, ambao hawakughushi chochote, walistahili kupimwa hivyo hivyo, tena kwa huruma zaidi. Sheria inaruhusu amri ya matunzo ibadilishwe hali ya mzazi inapobadilika. Aliyeanguka kweli hurudi mahakamani na kusema; anayenyamaza tu na kuacha kutuma ndiye anayezua mashaka.

Kipimo cha uwezo kikikubaliwa kitamgusa mama pia, na hapo yapasa kuwa na uangalifu mkubwa. Baba husimama na kusema: “Huyu naye ana cheti cha uuguzi, mbona hafanyi kazi?” Swali ni halali, kwa kuwa sheria inawatazama wazazi wote wawili. Lakini mama mwenye mtoto wa miezi minane mgongoni, ambaye hana wa kumwachia, hajaacha kazi, amebadili kazi. Kufua, kupika, kukesha na mtoto mwenye homa na kumpeleka kliniki ndio mchango wake katika matunzo, ingawa hautolewi risiti. Baba anayetaka mama aingie zamu ya usiku hospitalini aseme kwanza nani atalala na mtoto. Mtoto akikua na kuanza shule mambo yatakuwa mengine, na hapo mama mwenye ujuzi hana ruhusa zaidi ya baba ya kukaa bure. Tena yako mashauri ambayo mtoto yuko kwa baba na mwenye mshahara ni mama. Kipimo kiwe kile kile.

Wako watakaosema kwamba mahakama ikianza kukadiria haitajua pa kusimama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na Marekani inatoa funzo. Huko kwa miongo mingi mahakimu wamekuwa wakimkadiria mzazi kipato ambacho angeweza kukipata, na kumwamuru alipe kwa hesabu hiyo. Ilikusudiwa kuwabana wakwepaji. Lakini pamoja na wakwepaji walinaswa maskini: mtu asiye na kazi alihesabiwa kana kwamba yuko kazini siku zote za juma, deni likakua, leseni yake ya udereva ikachukuliwa, na bila ya leseni hata kazi aliyoweza kuipata ikawa haipatikani. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua shauri la baba mmoja wa jimbo la South Carolina aliyefungwa miezi 12 kwa deni la matunzo la zaidi ya dola 5,700, pasipo hakimu kuthibitisha kwamba alikuwa na uwezo wa kulipa. Ikasema utaratibu ule haukuwa wa haki. Mwaka 2016 Serikali ya Marekani ikatoa kanuni za kuyataka majimbo, yanapokadiria, yatazame hali halisi ya mzazi mwenyewe: ujuzi wake, afya yake, historia yake ya kazi, na kazi zinazopatikana anapoishi. Kanuni hizo zilikataza pia mfungwa ahesabiwe kuwa mtu aliyeacha kazi kwa hiari.

Kukisia, basi, ni kosa sawa na kudanganywa. Na hapa nchini ugumu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa watu wengi hawana hati ya mshahara hata ya kukunja. Mkulima wa korosho wa Newala huuza kwa msimu. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hukaa pwani mbalamwezi inapong’aa, kwa kuwa taa zake hazifai kitu usiku huo. Dereva wa bodaboda humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake ya siku kabla hajajua cha kwake ni kipi. Kumwamuru mkulima wa korosho alipe kila tarehe 30 ni kumwandalia kosa, maana mwezi wa Mei hana kitu, na mnada ukipita anazo fedha za mwaka mzima. Afadhali fungu la mtoto litoke pale pale msimu unapolipwa, la miezi kadhaa kwa pamoja. Wala haisemwi kweli mtu anapodai kwamba kipato cha mkulima hakijulikani. Korosho hupitia chama cha msingi, kilo zikaandikwa, malipo yakaingia benki. Kumbukumbu ipo, kinachotakiwa ni mtu wa kuiomba.

Ndipo linapoingia jukumu la walimu na watumishi. Sheria ya Mtoto inairuhusu mahakama imtake Ofisa Ustawi wa Jamii afanye uchunguzi na kuleta taarifa kabla amri ya matunzo haijatolewa. Lakini ofisa huyo ana eneo kubwa na mafaili mengi, naye hutegemea walio karibu na mzazi: Ofisa Utumishi, mwalimu mkuu, mtendaji wa mtaa, balozi wa shina. Hao wanajua. Wanajua nani ana vyumba vya kupangisha, nani pikipiki yake inaendeshwa na mpwa wake, na nani hana kitu kweli hata anakopa chumvi. Ugonjwa ulioko ni kulindana. Barua ya mwajiri huandikwa kwa mistari minne: mshahara ni kiasi fulani, makato kiasi fulani, anabakiwa na kiasi fulani. Barua hiyo si ya uongo. Lakini malipo ya kusimamia na kusahihisha mitihani hayatajwi, posho za semina hazitajwi, masomo ya ziada ya jioni hayatajwi. Aliyeiandika anajua, aliyeisaini anajua, na wote wawili hunyamaza, pengine kwa sababu wanaona kesho karatasi itakayowekwa mezani itakuwa ya kwao.

Mwalimu ana sababu ya pili ya kutonyamaza. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na ni nafuu kubwa. Lakini sare, madaftari na viatu bado ni juu ya mzazi. Matokeo ya barua ile ya mistari minne huja kukaa darasani kwake, dawati la tatu kutoka mlangoni, daftari moja likiwa na Hisabati mbele na Kiswahili nyuma. Mara nyingine mwalimu huyo huyo hununua daftari la pili kwa fedha yake, ilhali baba wa mtoto anafundisha shule ya jirani na wanasalimiana kila mwisho wa mwezi.

Na yule mwalimu wa mfano? Uwezo wake ungeweza kujulikana wote kwa safari ya nusu saa. Ofisa Ustawi wa Jamii angefika mtaani, akamchukua mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakaingia uani na kuwajulia hali wapangaji. Wa kwanza, fundi cherehani, angesema analipa shilingi 40,000 kwa mwezi, tena hutakiwa kulipa miezi sita mbele. Wa pili angetaja kiasi hicho hicho. Wa tatu, kijana wa bodaboda, vilevile. Hizo ni shilingi 120,000 ambazo hazimo katika hati ya mshahara. Zikijumlishwa na zile 300,000 zinakuwa 420,000. Mama angepewa 150,000 zote alizoomba, na mwalimu angebakiwa na shilingi 270,000, yaani 20,000 zaidi ya zile ambazo mahakama iliamini, ilipoamuru 50,000, kuwa ndizo pekee atakazobaki nazo.